Reli ya Chukwani na Msimbo Usio na Abiria

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Chukwani, Unguja





Naomba nianze na hapa hapa tulipokaa. Leo mtu akitaka kuja Chukwani kutoka mjini hupanda daladala. Kulikuwa na wakati angeweza kuona reli. Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said aliamuru itandikwe njia nyembamba ya reli kutoka kasri lake la mjini hadi kasri lake la mapumziko hapa Chukwani, masafa ya maili saba hivi. Mabehewa yalianza kwa kukokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 ikaagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Reli ile ilikuwa na kazi moja na mwenyewe mmoja. Barghash alipofariki mwaka 1888, njia ikang'olewa na injini ikavunjwa.

Unguja ilipata reli nyingine baadaye, ya upande wa kaskazini, kutoka mjini hadi Bububu. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani kuanzia mwaka 1905, na mwaka 1911 serikali ikainunua. Hiyo ilipakia watu wa kawaida. Barabara zilipoanza kuwa nzuri abiria wakaihama, na mwaka 1922 huduma ya abiria ikasimamishwa. Lakini reli yenyewe haikung'olewa mwaka huo. Iliendelea kubeba mawe ya kufukia bahari kwa ajili ya bandari mpya, hadi mwaka 1928.

Wengi wenu mmekuja kusikia habari za kompyuta, na mnajiuliza reli zinaingiaje. Nitawaambia. Karani wa tiketi, angeulizwa mwaka 1923 kuhusu reli ya Bububu, angejibu kwa yakini kwamba imekufa: hakuna tiketi hata moja iliyouzwa. Mtu aliyesimama bandarini angemwonesha mawe yanayoshushwa. Wote wawili wangekuwa wanasema kweli juu ya kile walichokiona. Katika mifumo mikubwa ya kompyuta kazi yetu ngumu kuliko zote ni hii: kutofautisha reli ya Chukwani ya mwaka 1888, ambayo haina tena abiria, na reli ya Bububu ya mwaka 1923, ambayo abiria wake wamebadilika bila karani kujua.

Jambo ninalotaka mtoke nalo leo ni moja. Msimbo usiotumika ni deni linalolipwa na watu ambao hawakulikopa. Kuuondoa ni sehemu ya ufundi wetu, kama vile kuuandika. Na hauondolewi mpaka ajulikane nani alikuwa abiria wake.

1. Msimbo mfu ni upi?

Kwa wazee wangu ambao hawaandiki programu: programu ni maandishi, na maandishi hayo ndiyo tunayoyaita msimbo. Ni maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari, na kompyuta inayafuata. Mfumo mdogo wa duka una mistari elfu chache. Mfumo wa mishahara au wa hospitali una mistari malaki. Kampuni ya Google ilieleza kwamba kufikia Januari 2015 hazina yake ya msimbo ilikuwa na mistari ipatayo bilioni mbili. Hakuna binadamu anayeweza kusoma hayo yote. Kwa hiyo hutokea kwamba sehemu za maandishi hubaki ndani, hazifanyi kazi yoyote, na hakuna anayejua kwamba hazifanyi kazi.

Sehemu hizo ni za aina nyingi. Ya kwanza ni mistari isiyofikika. Fikirini fanksheni, yaani fungu la maagizo lenye jina lake, inayosema katika mstari wake wa kumi, "rudisha jibu," yaani kazi imekwisha, toka. Chini ya mstari huo kuna mistari mingine kumi na mitano. Kompyuta haitaifikia kamwe. Aina ya pili ni fanksheni nzima isiyoitwa na mtu: imekaa kwenye faili lake, ina jina zuri, na hakuna mahali popote panapoitaja. Aina ya tatu ni ile inayoitwa na kufanya kazi, lakini jibu lake halichukuliwi. Inapiga hesabu kila siku na hesabu inamwagwa. Aina ya nne ni maktaba za nje, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, tulizozileta kwa kazi fulani, kazi ikaisha, maktaba zikabaki. Ya tano ni swichi: chaguo lililowekwa ndani ya mfumo ili kuwasha au kuzima jambo jipya kwa muda. Muda ulipita na swichi ikaachwa. Aina ya sita, nayo ndiyo inayokera macho kuliko zote, ni mistari iliyofungwa kwa alama za maelezo ili isifanye kazi, na juu yake mtu ameandika, "usifute, huenda tukaihitaji."

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi sana katika mifumo niliyorithi. Sijawahi kukutana na aliyeyaandika akirudi kuihitaji.

2. Madhara yake

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa haifanyi kazi, inamdhuru nani? Kompyuta haichoki kubeba faili.

Anayechoka ni msomaji. Kijana anaajiriwa leo kwenye mfumo wenye umri wa miaka kumi. Anaambiwa arekebishe jinsi posho inavyokokotolewa. Anatafuta neno "posho" na anakuta fanksheni tatu: hesabu_posho, hesabu_posho_mpya, na hesabu_posho_mpya_2. Mbili hazitumiki tangu kabla hajaingia chuoni. Yeye hajui. Anazisoma zote tatu, anajaribu kuelewa kwa nini zinatofautiana, na mwisho anarekebisha zote tatu ili awe salama. Siku mbili za kazi zimekwenda kwenye jambo la saa moja. Mwakani atakuja mwengine, naye atakuta fanksheni mbili zisizotumika ambazo sasa zinaonekana mpya, kwa kuwa tarehe ya marekebisho ni ya mwaka jana. Anayeacha msimbo mfu anawaongezea safari wote watakaopita njia hiyo baada yake.

Na kuna wakati maiti huamka. Tarehe 1 Agosti 2012, huko Marekani, kampuni ya biashara ya hisa iitwayo Knight Capital ilikuwa inaanza kutumia programu mpya ya kupokea oda za wateja. Ndani ya mfumo wao kulikuwa na programu ya zamani iliyoitwa Power Peg. Ilikuwa haijatumika tangu mwaka 2003. Kazi yake ilikuwa kupeleka oda ndogondogo sokoni mpaka oda kubwa ya mteja itimie. Mwaka 2005 sehemu ya kuhesabu, ile inayosema "basi, imetimia," ilihamishiwa kwengine, na hakuna aliyeijaribu tena Power Peg baada ya hapo. Fikirini wachukuzi bandarini wanaoshusha magunia, na karani wa kuhesabu ameondolewa. Watashusha mpaka wazamishe gati.

Waandishi wa programu mpya waliichukua swichi iliyokuwa ikiwasha Power Peg, wakaipa kazi mpya. Kampuni ilikuwa na seva nane. Fundi akaweka programu mpya kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika, na hakuna mtu wa pili aliyekagua. Soko lilipofunguliwa, saba zilifanya kazi sawasawa. Ya nane ilipoona swichi imewashwa, ikafanya jambo pekee ililolijua: ikaiamsha Power Peg. Kwa dakika 45, katika kujaribu kutimiza oda 212 za wateja, mfumo ulifanya biashara zaidi ya milioni nne katika hisa za kampuni 154. Hasara ikapita dola milioni 460.

Kuna mambo mawili zaidi katika kisa hicho ambayo nataka wanafunzi myashike. Kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umeshatuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi, zikiitaja Power Peg kwa jina. Hazikuchukuliwa kuwa ni tahadhari. Na mafundi walipojaribu kuzima moto, waliondoa programu mpya kwenye zile seva saba, wakidhani ndiyo yenye kosa. Swichi ilikuwa bado imewashwa. Sasa Power Peg ikaamka kwenye seva zote nane. Hawa hawakuwa watu wajinga. Walikuwa wanaishi nyumba moja na kitu ambacho walishasahau kwamba kimo.

Kisa cha pili ni cha roketi. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa. Ndani yake kulikuwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ya kusawazisha vifaa vya uelekeo kabla ya kuruka. Kwenye Ariane 4 kulikuwa na sababu ya kuiacha iendelee kwa sekunde 40 hivi baada ya safari kuanza. Kwenye Ariane 5 sababu hiyo haikuwapo. Ikaachwa tu, kwa kuwa ilikuwa imefanya kazi vizuri zamani. Ariane 5 ilikwenda kasi zaidi, namba moja ikakua kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengewa, kompyuta zote mbili za uelekeo zikajizima kwa kosa lile lile, na roketi ikapasuka angani haijatimiza dakika moja. Kilichoiangusha ni hesabu ambayo hakuna aliyekuwa akilisubiri jibu lake.

3. Kutafuta

Tunaupataje, basi, msimbo uliokufa? Njia zipo mbili, na fundi mzuri hutumia zote mbili.

Njia ya kwanza ni kuusoma mfumo ukiwa umelala. Kila mfumo una milango: ukurasa anaoufungua mtumiaji, kazi inayojiendesha kila usiku, amri inayotolewa na mkuu wa mitambo. Unaanzia mlangoni. Mlango huu unaita fanksheni gani? Nayo inaita zipi? Unachora mstari kutoka kila moja kwenda zile inazoziita, mpaka umalize. Ambayo haikufikiwa na mstari wowote ni mshukiwa. Kazi hii inafanywa na zana. Kwa lugha ya Python kuna zana iitwayo Vulture, jina ambalo kwa Kiswahili ni tumbusi, ndege anayejua mzoga ulipo kabla ya wengine. Napenda adabu yake: kila inachokionesha hukipa asilimia ya uhakika. Mistari iliyo chini ya "rudisha jibu" inaipa asilimia 100. Fanksheni isiyoonekana ikiitwa inaipa asilimia 60 tu.

Kwa nini 60? Kwa sababu zana inasoma maandishi, na si kila mwito umeandikwa waziwazi. Kuna programu ambayo hutengeneza jina la fanksheni wakati ikifanya kazi: inachukua neno "ripoti_", inaliunganisha na neno lililochaguliwa na mtumiaji kwenye skrini, kisha inaita jina lililopatikana. Ukitafuta "ripoti_chanjo" ndani ya faili zote hutaiona ikitajwa, na hali kila mwisho wa mwezi inaitwa na kila wilaya. Wala tusidhani siku moja itakuja zana ya kumaliza shaka yote. Tangu mwaka 1936, katika kazi ya Alan Turing, tunajua kwamba yapo maswali juu ya programu ambayo hakuna programu inayoweza kuyajibu kwa kila hali, na swali la "mstari huu utafikiwa siku yoyote?" ni mojawapo.

Kwa hiyo tunahitaji njia ya pili: kuuangalia mfumo ukiwa macho. Sisi watu wa pwani tuna neno linalofaa hapa. Vile vibao au mawe tunayoyasimamisha kichwani na miguuni mwa kaburi tunayaita mashahidi. Na shahidi ni yule aliyeona, akaulizwa, akasema. Ukiishuku fanksheni kwamba imekufa, iwekee shahidi: mstari mmoja mwanzoni mwake ambao, ukipitiwa, unaandika kwenye daftari la seva tarehe, saa, jina la fanksheni na nani ameiita. Kisha uuache mfumo uendelee na kazi zake mbele ya watu halisi. Shahidi akinyamaza, shaka yako inapata nguvu. Akisema neno moja, umejua kwamba ulikuwa unataka kumzika aliye hai, na umejua hata mtu wa kwenda kumuuliza.

4. Muda wa shahidi

Hapa lazima niwasimulie kosa langu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikiutunza mfumo wa hesabu wa ofisi moja. Ndani yake kulikuwa na fanksheni iitwayo funga_mwaka_b. Jina lenyewe lilinitia hamu ya kuifuta, kwa kuwa palikuwa na nyengine iitwayo funga_mwaka, na nilijua hiyo ndiyo inayotumika. Niliiwekea shahidi mwezi wa Novemba. Disemba kimya, Januari kimya, Februari kimya. Mwezi wa Machi nikaifuta, nikaandika kwenye kumbukumbu, "imeondolewa, haitumiki," na nikafurahi kama mtu aliyefagia ua wake.

Tarehe 30 Juni, siku ya kufunga mwaka wa fedha, nilipigiwa simu saa tatu usiku. Vitabu vya idara zote vilifungwa isipokuwa vya idara moja ndogo iliyokuwa na akaunti ya fedha za kigeni. Idara hiyo peke yake ndiyo iliyotumia funga_mwaka_b, na mara moja tu kwa mwaka. Nilipofika nikamkuta mhasibu mkongwe amekaa mbele ya skrini, miwani mkononi. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Hii naijua mimi. Niliiomba mimi."

Kuirudisha haikuchukua dakika kumi, kwa kuwa historia ya msimbo ilikuwapo. Lakini watu wanne walikesha ofisini kwa sababu yangu, na maneno yale mawili, "mbona hukuniuliza," sijayasahau.

Nilijifunza kwamba shahidi lazima akae muda unaolingana na kalenda ya kazi yenyewe. Mishahara huja kila mwezi. Ripoti nyingi huja kila robo mwaka. Hesabu hufungwa tarehe 30 Juni. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya Kizungu, na programu inayobadilisha saa za kazi za mwezi huo itanyamaza kwa miezi kumi na moja. Mfumo wa kupokea karafuu hautasema kitu mpaka msimu, na ukifika msimu utasema usiku na mchana. Wa uchaguzi utanyamaza miaka mitano. Kabla hujaamua kwamba kimya ni kifo, jiulize mfumo huu unaishi kwa kalenda gani.

5. Kuondoa

Mshukiwa akishathibitika, kuna adabu ya kumwondoa.

Soma kwanza historia yake. Tangu mwaka 2005 tuna Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds, ambacho hukumbuka kila mstari: nani aliuandika, lini, na alisema nini alipouandika. Kisha nenda kwa watu. Kama aliyeuandika yupo, muulize. Kama hayupo, tafuta ofisi iliyouomba. Mimi sasa huwaendea wahasibu wakongwe kabla sijagusa chochote chenye jina la mwaka.

Ondoa kipande kimoja kwa wakati. Usichanganye kufuta na kuandika kitu kipya katika badiliko moja, kwa kuwa likitokea la kutokea hutajua lipi limeleta. Usifunge mistari kwa alama za maelezo, ifute kabisa, maana Git inaikumbuka. Ukishaondoa kimoja, endesha tena zana yako: fanksheni iliyofutwa ilikuwa ikiita nyengine mbili, na sasa hizo nazo hazina wa kuziita. Angalia pia majaribio. Mara nyingi nimekuta fanksheni ambayo mwitaji wake pekee ni jaribio lililoandikwa kuihakikisha. Zana inaiona iko hai, kumbe inapumulia mashine. Hapo vifutwe vyote viwili, fanksheni na jaribio lake.

Swichi ikimaliza kazi yake, itoe pamoja na msimbo uliokuwa nyuma yake, na jina lake lisipewe kazi nyengine. Na badiliko lifike kwenye seva zote, mtu wa pili ahakikishe kwa macho yake. Knight Capital wametulipia ada ya somo hilo.

Mwisho, andika. Ujumbe wa kufuta uwe mrefu kuliko ujumbe wa kuongeza: ilikuwa ikifanya nini, nani alikuwa akiitumia, ushahidi gani umeonesha kwamba haitumiki tena, na kama itahitajika, ipatikane wapi katika historia. Na msiuonee huruma msimbo kwa sababu ya umri wake. Torvalds alianza Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya 386. Mwezi wa Disemba 2012 msimbo wa kuhudumia prosesa hiyo hiyo uliondolewa katika Linux, kwa kuwa kuubeba kulikuwa kunawachosha watunzaji kila walipotaka kurekebisha kitu, na yeye mwenyewe aliupokea uamuzi huo.

6. Taarifa za watu si msimbo

Kuna mpaka ambao naomba tusiuvuke. Niliyoyasema juu ya kufuta ni ya msimbo. Taarifa za watu zina hukumu yake.

Mfano mzuri tunao hapa hapa Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kubuniwa mwaka 2004 kwa mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya, na ulianza kutumika huko Februari 2006. Waliouandika walielewa mapema kwamba kuna vitu vya aina mbili. Jina la dawa lililopitwa na wakati, au kituo kilichofungwa, hakifutwi kwenye kanzidata bali hustaafishwa: hakionekani tena kwenye orodha ya kuchagua, ila rekodi za zamani zinazokitaja zinabaki na maana. Rekodi ya mgonjwa iliyoingizwa kimakosa hubatilishwa, na huandikwa nani ameibatilisha, lini na kwa sababu gani. Mstaafu anaheshimiwa kwa alichokifanya, hata kama haitwi tena kazini.

Na juu ya msimbo wenyewe, tazameni walivyofanya na kurasa zao za zamani. Vituo vingi vilikuwa vimezizoea, na wasingeweza kuzifuta kwa siku moja. Katika toleo la 2.0 la jukwaa lao, mwaka 2016, walizitoa kwenye kiini cha mfumo wakaziweka katika moduli ya pembeni. Anayezihitaji anaiweka, asiyezihitaji habebeshwi. Kiini kikapumua, na hakuna kituo kilichoachwa njiani.

7. Mzizi uko ofisini

Nimezungumza kama kwamba msimbo mfu unaletwa na waandishi wa programu. Mara nyingi unaanzia mbali zaidi, katika fomu.

Zanzibar ina historia nzuri katika jambo hili, na inasemwa kidogo kuliko inavyostahili. Kuanzia mwaka 2005, Wizara ya Afya ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo ilianza kuutumia hapa mfumo wa DHIS wa kukusanya taarifa za vituo vya afya. Lililofanywa na wenzetu miaka ile ni kukaa pamoja kila robo mwaka, timu za wilaya zikisimama kuwasilisha takwimu zao wenyewe, wenzao wakiuliza maswali. Katika vikao vya namna hiyo kisanduku kisichotumika hakina pa kujificha. Mtu akiulizwa, "namba hii unaifanyia nini?" na akakosa jibu, kila aliyemo chumbani amesikia. Fomu zilipitiwa na kurekebishwa zaidi ya mara moja.

Hebu tukiangalie kisanduku kimoja. Muuguzi kituoni anakijaza kila mwezi kwa kuhesabu daftari zima. Mtu wa wilaya anakiingiza kwenye kompyuta. Nyuma yake kuna uwanja katika kanzidata, msimbo wa kukagua kama namba ni sahihi, na msimbo wa kukijumlisha kwenye ripoti. Kisanduku kikiwa hakisomwi na yeyote, vyote hivyo vimekufa, ingawa zana yangu itaapa kwamba viko hai, maana vinaitwa kila mwezi. Hakuna kompyuta itakayokigundua kifo cha aina hii. Kinagunduliwa na watu waliokaa duara moja wakaulizana.

Ndiyo maana nawaomba viongozi mliopo: mnapoagiza mfumo, mkataba useme kwamba mtakabidhiwa msimbo pamoja na historia yake yote. Tengeni muda na fedha za kusafisha, kama mnavyotenga za kupaka jengo chokaa. Na mkiamua kuacha utaratibu fulani, mwambieni fundi kwamba mmeuacha. Asipoambiwa ataendelea kuutunza miaka kumi.

Wanafunzi wangu, nyinyi nakupeni kazi ya kufanya. Chukueni mradi wenu wa mwisho mlioufanya. Utafuteni ndani yake msimbo mmoja usiotumika, muuandikie ukurasa mmoja: ulizaliwa kwa sababu gani, ulikuwa ukimtumikia nani, na mmejuaje kwamba hautumiki. Kisha muufute. Mtakapokuja kazini, msione haya kusema siku imepita na mmepunguza mistari mia mbili bila kuongeza hata mmoja. Mwajiri asiyeelewa, mwonesheni ule ukurasa.

Nimalizie tulipoanzia. Reli ya Barghash iling'olewa, na ilistahili kung'olewa, kwa kuwa aliyekuwa akiipanda alikuwa ameshatangulia. Zaidi ya miaka 130 imepita, na leo nimeweza kukwambieni ilitandikwa mwaka gani, ilikuwa na urefu gani, ilivutwa na wanyama gani, na injini yake ilitoka kiwanda gani, kwa sababu kulikuwa na watu walioandika. Vyuma vimekwenda na habari imebaki. Nanyi mkiondoa kitu, acheni nyuma yenu habari kama hiyo, ili kijana atakayekuja baada yenu akute njia iliyo wazi, na akiuliza palikuwa na nini hapa, apate wa kumjibu.